Kijiti Ulichokiinua Kanisani

Satellite, Nairobi
Jumatano jioni

Dada Rosa,

Mulembe, dada yangu. Tafadhali usimwite Sharoni wangu akusomee barua hii, hata kama miwani yako imepotea tena. Funga mlango wa duka, sogeza cherehani kando, usome mwenyewe. Nimeiweka chini kabisa ya mzigo, ndani ya karatasi ya zipu, kwa sababu najua Mama hufungua kila kitu kinachotoka Nairobi lakini mambo ya ushonaji hayamhusu.

Kwa kawaida hapa ndipo ningekuuliza hali, nawe ungesema ni njema, kisha tukaendelea na mengine. Leo nauliza nikitaka jibu. Uko aje? Unalala mpaka asubuhi ama unaamka shuka imelowa jasho? Chakula kinapita? Mdomoni hakuna vidonda? Na hicho kikohozi ambacho Mama anasema ni cha vumbi la vitambaa, ni cha vumbi kweli? Nimekupigia simu siku kumi na moja. Inaita mpaka inakatika. Juzi ndipo uliponitumia maneno mawili, "Niko sawa," utafikiri unamjibu mtu aliyekosea namba.

Mimi huku nimechoka, Rosa. Si uchovu wa kulala ukaisha. Mvua imeanza, viatu havikauki, na kazi yangu yote ni ya miguu: leo Satellite, kesho Kinoo, kesho kutwa Westlands, halafu karatasi za kujaza kila jioni. Kisigino cha kushoto kimepasuka, natembea kama bata. Lakini sikuandika kukueleza habari za kisigino.

Jumapili ile Mama alinipigia simu akiwa bado yuko kwenye uwanja wa kanisa. Nilisikia watu wakiimba nyuma yake. Nilikuwa nimesimama Westlands kando ya barabara, nangoja magari yapungue nivuke.

"Nanjala!" akapiga kelele. "Mungu ametenda! Rosa amepona!"

"Amepona nini, Mama?"

"Si ule ugonjwa wake."

"Ugonjwa gani?"

Nyimbo zikaendelea bila yeye. "Kumbe hakukuambia," akasema polepole. "Basi usikasirike. Hata mimi nimejua leo, pamoja na kanisa lote."

Ndipo akanieleza. Ulivaa lile gauni lako la kijani. Ulisimama mbele ukasema umekuwa ukimeza dawa za ukimwi miaka sita bila kumwambia mtu, tangu shemeji alipofariki. Ukasema umefunga na kuomba siku tatu, ukajipima kwa kile kipimo cha mate nilichokiacha Desemba, ukaona mstari mmoja. Ukakiinua kile kijiti juu ili kila mtu akione, hata waliokaa nyuma. Ukasema chupa ya dawa umeitupa chooni. Mama alikuwa analia akinisimulia, na alikuwa na furaha ambayo sijaisikia kwake tangu Baba aondoke. Halafu akasema, "Mchungaji anauliza kama unaweza kututumia vijiti vingine. Kuna watu wanavitaka."

Magari yakapungua, watu wote wakavuka, mimi nikaketi chini kwenye ukingo wa barabara. Mtu mzima, na mkoba wangu mapajani, watu wakiruka miguu yangu.

Rosa, hujapona. Naandika sentensi hii peke yake ili hata ukikasirika ukaichana barua, uwe umeshaisoma. Kile kijiti kimekudanganya, na aliyekiacha juu ya kabati ni mimi.

Wacha nikueleze, na usiruke hapa. Kipimo kile cha mate hakitafuti virusi. Kinatafuta alama ambazo mwili huziacha ukiwa unapigana na virusi. Sasa wewe umemeza dawa zako vizuri miaka sita, nakujua, wewe hata ufunguo wa duka hujawahi kusahau. Dawa zimevilaza virusi, mwili umepumzika, na alama zinaweza kupungua kwenye mate mpaka kijiti kisizione. Ni kama mtu mwenye homa ameze panadol, halafu apimwe joto lake, aambiwe yuko sawa. Joto limeshuka kwa sababu ya panadol. Akisema amepona malaria, si utamcheka? Ndiyo maana sisi tunakatazwa kabisa kumpa kipimo kile mtu anayetumia dawa. Kabla hujafungua pakiti unamtazama mtu usoni, unamuuliza, "Kuna dawa unazomeza?" Hilo ndilo swali la kwanza. Nimeliuliza mara nyingi mno, naliuliza hata usingizini.

Nyumbani sikuliuliza.

Unaikumbuka ile siku. Nilikuja na mkoba wa kazi, vijiti vimo ndani kwa sababu sikupata nafasi ya kuvirudisha kabla ya likizo. Tayari kijiji kizima kilikuwa kinaniita daktari. Mama Wekesa alikuwa ameniletea mtoto mwenye mafua nimwangalie, nikamwangalia, aibu yangu. Basi jikoni kwa Mama nikaona nionyeshe ujuzi. Nikapitisha kijiti kwenye fizi zangu, juu na chini, mkacheka. Mjomba akatoa meno yake ya bandia akauliza kama na hayo yanapimwa. Nikafurahi kama mjinga. Nikaacha pakiti tatu juu ya kabati nikasema, "Anayetaka achukue, hakuna haja ya kumwambia mtu." Wewe ulikuwa unachambua mboga. Hukucheka, sasa nakumbuka. Uliuliza tu, "Na kikionyesha mstari mmoja, basi ni salama?" Nikakujibu bila hata kugeuza kichwa, "Mmoja ni salama."

Unajua kwa nini sikuuliza lile swali? Kwa sababu niliwatazama mmekaa pale, wewe, Mama, mjomba, watoto, nikasema moyoni: hawa ni watu wa nyumbani, hapa hakuna mambo hayo. Mimi! Ambaye huku nawafokea watu kwa kusema hivyo hivyo. Hiyo ndiyo inanikosesha usingizi, Rosa, kuliko hata simu usizopokea.

Nilikasirika pia, nisikufiche. Nilikasirika mpaka jana. Nilisema, mimi huambiwa siri na wanawake nisiowajua hata majina yao ya kweli, halafu dada yangu wa tumbo moja, niliyelala naye kitanda kimoja Desemba yote, ananificha miaka sita. Kila baada ya miezi michache unakwenda Bungoma "kununua vitambaa," nami nakusifu kwa watu kwamba dada yangu ni mfanyabiashara hodari. Nilijiona nimefanywa mtoto. Hasira hiyo imeisha, na aliyeimaliza ni mwanamke mmoja wa Kinoo. Lakini ili nikueleze habari za huyo, lazima kwanza nikueleze kazi yangu, na hiyo sijawahi kuieleza vizuri mtu yeyote wa nyumbani.

Mimi si muuguzi. Nilipowaambia nafanya kazi kliniki, Mama akamalizia mwenyewe, nami sikumrekebisha. Ninaitwa mwelimishaji rika. Nina orodha ya wanawake wangu ninaowatembelea kila mwezi. Nawapelekea mipira ya kondomu, nawakumbusha siku za kupimwa, nawasindikiza kliniki wakiogopa, nawatafuta wakipotea. Ni wanawake wanaouza miili yao, Rosa. Wa baa, wa loji, wa barabarani. Na kazi hii hawampi mke wa mchungaji wala mwalimu mstaafu. Wanampa mmoja wao, ndiyo maana ya rika.

Nasubiri kidogo hapa ili upumue.

Ile saluni niliyowaambia ipo Kawangware ilifungwa mwaka ule ule niliofika. Sharoni alikuwa anatambaa. Nilirudi nyumbani nikamwacha kwako, nikasema nimepata kazi ya usiku ya kuhudumu hotelini, na hoteli hiyo haikuwepo. Huo ndio ukweli wote na sina urembo wa kuuwekea. Kama bado nafanya? Kuna miezi sifanyi kabisa, na kuna miezi nafanya. Ukitaka kunitukana, nitukane, lakini maliza kusoma kwanza.

Sasa huyo wa Kinoo. Anaitwa Njeri. Amepanga nyuma ya Waiyaki Way, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vyenye ua mmoja, na mchana ndipo unapomkuta ameamka, anafua. Mdomo wake ni pilipili. Miaka miwili amekuwa kwenye orodha yangu, na miaka miwili hakukubali kutolewa damu hata tone. Mipira anachukua. Sabuni ikiwepo anachukua mara mbili. Ukitaja kupimwa, anaingia ndani na kutoka na kijiti cha mate kilichofungwa kwenye karatasi, mstari mmoja, safi. "Ona, nishajipima. Andika."

Mimi nilijua vile vijiti si vyake. Ni vya jirani yake wa mlango wa bluu, msichana anayejipima kila mara na kuwagawia wenzake majibu yake kama mtu anayegawa chumvi. Nilijua, nikaandika. Ukiwa na majina yote yale, mvua, na msimamizi anayetaka karatasi zijae kabla ya mwisho wa mwezi, unafika mahali unashukuru mtu akikuonyesha kijiti chochote. Hivyo ndivyo uchovu unavyofanya, dada. Haukufanyi uwe mbaya. Unakufanya tu usiulize swali la pili.

Lakini jana nilipofika, wewe ulikuwa kichwani mwangu na lile gauni la kijani.

"Sasa, Njeri."

"Poa, dokta." Huniita dokta akitaka kunichokoza. "Leo umetuletea nini?"

"Mipira. Na swali."

"Mipira weka hapo kwa dirisha. Swali rudi nayo."

Akapangusa mikono, akaingia, akatoka na karatasi yake. Mstari mmoja. Nikakishika kile kijiti, lakini kalamu sikuitoa. Akaniona.

"We, uko sawa?"

"Hiki ni cha nani, Njeri?"

"Changu, cha nani tena?"

"Ni cha huyo wa mlango wa bluu. Cha mwezi uliopita pia kilikuwa chake. Na cha mwezi ule mwingine."

"Kwa hivyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ulikuwa unaandika."

"Nilikuwa naandika."

"Aki wewe ni mwizi kama mimi," akasema, akacheka, lakini hakurudi kufua. Nikageuza karai lake tupu juu chini nikalikalia, na tope lote lile. Nikamweleza habari zako. Sikutaja jina wala nyumbani, usiogope. Nilisema tu nina dada, na nikaeleza kijiti kilivyoinuliwa kanisani. Alisikiliza amejishika mdomo.

Kuna kitu tulifundishwa siku ya kwanza kabisa ya kazi hii. Mama mmoja aliyekuwa akitufunza, mnene, mpole, mwenye sauti ya kukwaruza, alituambia tusimwombe mtu siri yake kabla hatujaweka yetu mezani. Ukienda na fomu utapewa majina ya uongo. Ukienda na habari yako mwenyewe, ukaisema ukiwa umekaa chini, huyo mtu atakutafutia na yake, labda si siku hiyo. Miaka inavyokwenda nimekuwa mvivu wa kufanya hivyo. Inachosha kujifungua kila siku mbele ya watu. Jana nikafanya. Nilimwambia Njeri jambo langu ambalo nyumbani hakuna anayelijua, na wewe nitakuambia, ngoja nifike.

Njeri akachuchumaa mbele yangu. Kisha akauliza, "Na huyo dada yako anajua hiyo yako?"

"Hapana."

"Mama yako?"

"Hapana."

"Ngai!" Akapiga makofi mara moja. "Yaani wewe unataka mimi nikaambie daktari sijui hata jina yake, na wewe hujaambia mtu mmelala na yeye kitanda moja? Na umemkasirikia vile amekuficha? Dokta, wewe nawe!"

Akachukua shati kwenye ndoo, akalikamua, akaliweka tena. "Skiza," akasema. "Mwambie. Si kwa simu, kwa simu utadanganya, nakujua. Andika. Siku utatuma hiyo barua, siku hiyo nitaenda nitolewe damu. Usipotuma, usinisumbue tena na hii maneno yako ya vijiti."

"Utaenda kweli?"

"Naogopa sana. Lakini nitaenda."

Basi kesho asubuhi Njeri anashuka nami mjini mpaka ofisi ya mizigo. Anasema haniamini hata kidogo, anataka anione kwa macho nikikabidhi mzigo na nikipewa karatasi yake. Kutoka hapo tutatembea pamoja mpaka kliniki. Sijui atakuta nini. Nimekuwa nikimtazama miezi hii miwili akikonda, nikajiambia ni mawazo. Akikuta kibaya, atakuwa amekuta kitu ambacho wewe ulikiweza miaka sita bila hata kukohoa. Nimemwambia hivyo.

Kwa hivyo unaona, kuna mtu wa Kinoo asiyekujua ambaye anakwenda kwa sababu yako. Sasa na wewe uende.

Najua kinachokufunga. Si ubishi, wewe si mbishi. Ni ule ushuhuda. Umeuinua mkono mbele ya watu wote, wamekuimbia, Mama amelia machozi ya furaha, sasa utarudi vipi kupanga foleni ya dawa? Utamwambia nini mchungaji? Rosa, humwambii kitu. Hakuna anayekuomba usimame tena. Mimi sipigani na Mungu wako, hata mimi namwomba, na pengine zaidi yako kwa sababu ya mahali ninapopita. Lakini hakuna mahali Mungu alikuambia utupe chupa chooni. Hilo lilikuwa lako, na mimi nalielewa. Kama ningemeza kitu kwa kujificha miaka sita, halafu siku moja nione mstari mmoja, ningetupa chupa na choo chenyewe.

Kwa hivyo nimekufanyia hivi. Ukifungua mzigo utaona zipu nyeusi tu. Hakuna ya bluu, hakuna ya kijivu, na najua oda ya sare za shule inakusubiri. Nimefanya makusudi. Mwambie Mama, "Huyu Nanjala naye! Nimemwambia bluu ametuma nyeusi tupu, sasa itabidi niende Bungoma mwenyewe." Lalamika kwa sauti, unitukane mbele ya watu ukitaka. Mzigo utafika Ijumaa. Jumatatu uondoke asubuhi. Kwenye kliniki yako sema ukweli mmoja tu: niliacha dawa, na leo nimerudi. Wamewaona wengi, hawatakula nyama yako. Watakutoa damu, wataangalia virusi vimeamka kiasi gani, watakuambia uanze vipi tena. Usianze kwa kuazima vidonge vya mtu, na usingoje uugue kwanza. Wiki chache bado ni jambo la kurekebishwa. Miezi ndiyo inayoniogopesha. Nimewahi kumsindikiza mtu aliyeacha kwa miezi, na sitaki kukusimulia alivyokuwa.

Fanya kwa ajili ya Sharoni kama hutaki kwa ajili yako. Wiki iliyopita kwenye simu aliniita "Anti" kabla hajakumbuka. Sikuumia sana kama unavyofikiri. Nilisema, yupo mtu anayemwita Mama kila siku na mtu huyo ni Rosa, basi yuko mahali pazuri. Wewe ukianguka, mimi sina mtoto wala dada.

Vile vijiti viwili vilivyobaki juu ya kabati, vichome kwenye jiko Mama akiwa shambani. Mchungaji nitampigia mwenyewe. Nitamweleza kwa adabu kwamba vile vipimo ni vya kwenda na mtu wa kuuliza maswali, na kwamba nikija Agosti nitakuja na muuguzi wa kweli akae kanisani siku nzima, amuulize kila mtu lile swali la kwanza faraghani. Jina lako halitatajwa. Lakini usishangae ukiona foleni ndefu. Naanza kufikiri hata kwetu kila mtu ana karatasi yake ya zipu.

Nisalimie Mama, mwambie nimesikia habari yake ya kanisani na nimefurahi kumsikia akicheka, basi, usiongeze. Msalimie mjomba na meno yake. Mwambie mama mdogo yule wa kule mtoni kwamba leso aliyoagiza sijaisahau, bado sijapata rangi. Wale wasichana wako wawili wa kushona, waambie wasikulaze na njaa dukani. Na mtoto wangu mpakate kidogo leo jioni, hata kama anajiona mkubwa, halafu usimwambie ni kwa niaba ya nani.

Sasa nimefika pale nilipokuambia usubiri.

Unaikumbuka simu yangu ilivyokuwa inalia Desemba? Kila jioni saa mbili kamili, habari zikianza kwenye redio ya Mama, ule mlio wa kengele. Ulikuwa unanitania, "Huyo bwana wa Nairobi anakupenda kweli, hakosi hata siku moja." Nami nacheka, naiweka simu sikioni, natoka nje nikisema "hallo, hallo" mpaka nyuma ya tangi la maji. Hakuna bwana, Rosa. Ilikuwa kengele ya dawa. Nilikuwa nameza kidonge changu pale gizani bila maji, kwa sababu kufungua mfereji kungetoa sauti. Ni mwaka wa nane huu.

Na wewe, saa hizo hizo, ulikuwa umeshatoka kwa mlango wa jikoni, eti kuangalia kama kuku wamefungiwa. Kila usiku. Nikawa nasema dada yangu anawapenda kuku hawa kupita kiasi. Siku moja tulikutana mlangoni tukirudi, ukafuta mdomo kwa kiganja, ukaniuliza, "Amesema nini?" Nikakujibu, "Anakusalimia." Tukaingia ndani, tukalala, mgongo kwa mgongo.

Jumatatu saa mbili kamili nitakupigia. Kama hutaki kuongea, usiongee, mimi sitasema chochote. Ipokee tu, uiweke karibu, nikusikie ukimeza. Nami utanisikia.

Mdogo wako, ambaye sasa unamjua,

Nanjala